Chini ya Kadibodi Nyeupe

5 Desemba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la mbao kimekuachia. Je, Mama bado yuko kwa Kaka analea mjukuu? Mimi sijambo, ila miguu inaniwaka moto kwa kusimama. Ningekupigia simu, lakini najua wewe na simu hampatani tangu msumeno ulipokuharibu sikio, basi nampa dereva wa basi barua hii kama kawaida yetu.

Baba, maonyesho yamefunguliwa. Shule zimefungwa, watu wako likizo, na ukumbi unajaa kutwa nzima. Chini wako wachoraji, juu tuko sisi wa kamera. Wazazi wanakuja na watoto waliochoka kukaa ndani, wanaanza na michoro, halafu wanapanda kwetu. Picha zangu zimepewa ukuta mzima peke yake. Ni zile za sebule za majirani nilizopiga nilipokuja nyumbani mwaka jana: ya Kinyozi, ya Mwalimu Mkuu mstaafu, ya yule mshonaji mwenye redio nyingi. Watu wanasimama wanaziangalia kama wamekaribishwa ndani.

Kuhusu fremu ulizosema utanitengenezea, ahsante sana, lakini ukumbi una fremu zake, nyembamba, nyeusi, zote sawa. Msimamizi wa maonyesho ndiye anayechagua. Usije ukakata mbao zako bure. Na safari pia, nakuomba usijisumbue. Msimu huu mabasi yamejaa na joto ni kali. Pumzika tu. Nikija nitakuletea picha zote uzione ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

Nisalimie Kinyozi na wote wanaoniulizia.

Mwanao akupendaye,
Kitindamimba


9 Desemba

Kwako Kitindamimba wangu,

Marahaba, mama. Mimi mzima. Kikohozi kimeondoka ila kimeacha mizigo yake, najua kitarudi. Mama yako bado yuko kwa kaka yako. Anasema atarudi mtoto akishajua kukaa, na kila nikiuliza naambiwa mtoto bado anaanguka. Nadhani wanamsukuma.

Barua yako niliisoma kwenye kiti cha Kinyozi, kwa sauti, naye akaacha mteja na kichwa nusu. Tumefurahi mno. Sasa ana swali, nami ninalo hilohilo. Hiyo picha ya sebule yake ni ile tuliyokaa wawili kwenye kochi? Mimi naikumbuka siku ile vizuri. Nilipita kumrudishia ngazi, ukasema Baba kaa hapo, nikakimbia nyumbani kuvaa tai. Ulinikasirikia, ukasema hukutaka tai. Nikakaa upande wa kulia nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Kinyozi yeye hakujiandaa, hata soksi zake zilikuwa na tundu. Anaomba Mungu tundu lisionekane.

Fremu nyembamba nyeusi, sawa, sitii neno. Naweka hili moja tu: fremu nyembamba ni kama suruali isiyo na mkanda, inakaa lakini mwenyewe hana raha. Basi, nimemaliza.

Ila usiwaache wakakata picha zako. Umekulia karakanani, sheria yetu unaijua. Picha ya mtu haikatwi. Asiyetakiwa anafunikwa na ile kadibodi ya pembeni, yanaisha. Unamkumbuka yule muuguzi aliyeleta picha ya harusi yake, akataka mume atolewe? Alikuwa analia na mkasi mkononi. Nikamwambia mkasi weka chini, nikamfunika bwana kwa kadibodi pana, ukuta ukabaki na bibi harusi peke yake. Baadaye wakarudi dukani wote wawili, wameshikana mikono, wananicheka mimi. Nikafungua nyuma, nikapunguza kadibodi, bwana akatokea mzima na ua lake kifuani. Ningekuwa nimemkata, ningewaambia nini?

Kuhusu safari, ondoa wasiwasi, mimi si mtu wa kujisumbua. Karakana nimeifunga mpaka shule zifunguliwe.

Ni mimi baba yako,
Fundi


16 Desemba

Mwanangu,

Natumaini hujambo, na kwamba hawakukusema sana baada ya mimi kuondoka. Nilifika nyumbani salama. Tangu nirudi natafuta pa kuanzia barua hii, basi naanzia kwenye kioo. Nisamehe kwa kioo.

Nilitaka kukushtukiza. Nilivaa koti langu na tai ileile, nikapata kiti dirishani, njia nzima najichekea mwenyewe. Pale ukumbini nikazunguka kwanza kwenye michoro ya chini, nisionekane nina haraka. Kuna mmoja ni bluu tupu, ukuta hadi ukuta. Nilisimama mbele yake nikidhani mchoraji amekwenda kula atarudi kumalizia, mpaka mama mmoja mwenye watoto akaniambia imeisha hiyo. Nikapanda juu. Nikaliona jina lako ukutani, herufi kubwa kuliko za duka langu, nikaganda pale mpaka watu wakaniomba niwapishe.

Halafu nikajitafuta. Nikampata Kinyozi, kochi lake, kalenda yake, na tundu la soksi linaonekana vizuri sana. Lakini upande wa kulia, pale nilipokaa mimi, palikuwa na kadibodi nyeupe tu. Na kadibodi ya kulia ilikuwa pana kuliko ya kushoto. Mtu mwingine asingegundua. Mimi nikaona, nikasema moyoni, hawa wamekosea kupima, mimi nimo humo chini. Mtu mwingine pia angeuliza. Lakini mimi nimegeuza picha za watu maisha yangu yote, mkono haukungoja. Nikaishusha, nikaigeuza juu ya goti, nikatoa kisu changu kidogo nikaanza kung'oa misumari ya nyuma. Mlinzi akapiga kelele, nikashtuka, kioo kikateleza. Sikufika kuona kitu.

Mama, nilitamani ardhi ipasuke. Ukumbi mzima uligeuka, watoto na wazazi wao, nami nimesimama na kisu mkononi kama mwizi. Mlinzi alikuwa ameshanishika kola. Ndipo ukaja na yule bwana wa miwani, akakuuliza kama unanifahamu. Nilisikia ukisema ni fundi wa fremu. Mengine sikuyapata, masikio yangu unayajua. Mlinzi akaniachia palepale. Nakushukuru. Ulifikiri haraka. Ungesema ni baba yako, aibu yangu ingekuwa yako, na kazi yako ingeingia doa kwa ajili ya mzee asiyejua kuweka mikono mfukoni.

Niliondoka kimya ili nisikuharibie zaidi. Hukunikosea kwa kutonisindikiza, ulikuwa na wageni.

Baba yako


19 Desemba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Kioo kimewekwa kingine, usikifikirie tena. Uliokota vipande kwa mikono mitupu, hukuniambia kama ulijikata. Picha imerudi ukutani kama ilivyokuwa.

Kuhusu shukrani zako, Baba, sijui nikujibu nini. Nimeandika ukurasa huu nikauchana, nikaandika tena. Leo wageni ni wengi, naitwa.

Nisalimie Kinyozi.

Mwanao


27 Desemba

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mwili mzima, roho ndiyo mbovu. Sikutaka kukusumbua tena msimu huu, lakini maji yamenifika shingoni na naona haya hata kukuandikia.

Nimesema uongo. Mtu mzima, na mvi zangu.

Siku ile niliporudi, Kinyozi alikuwa ananingoja kituoni, kibarazani kwa muuza magazeti. Hata kunisalimia hakunisalimia. Akauliza, tupo? Nikasema tupo. Ningeishia hapo, hata shetani asingenilaumu. Akauliza, tumetoka vizuri? Nikasema tumetoka vizuri, tai yangu inaonekana mpaka mistari. Akafurahi mno, akanishika mkono njia nzima, nami nikaona aibu ile yote inapoa, nikaongeza chumvi. Nikasema tumewekwa mlangoni kabisa, ukubwa wa meza ya chakula, kila aingiaye anaanza na sisi. Nikasema watu wananiuliza kama mimi ndiye yule.

Unamjua Kinyozi. Kila kichwa kilichopita chini ya mashine yake kimesikia. Sasa wameazima gari la shule kupitia Mwalimu Mkuu, na Jumamosi ya tarehe nne wanakuja, yeye, Mwalimu, mshonaji na wengine, kuona picha zao na yangu. Kinyozi amenunua soksi mpya, sijui ya nini, yeye haendi kupigwa picha tena.

Nimewaambia goti linaniuma, sitaweza safari. Goti ni zima. Nashinda nachechemea mbele ya majirani, nikifika ndani natembea.

Sikuombi ubadilishe kitu. Ile ni kazi yako, na waliochagua wana sababu zao. Nakuomba tu, ukiweza, siku hiyo waambie wageni kwamba picha ya Kinyozi imepelekwa kutengenezwa. Ukishindwa, basi. Kinyozi hatanicheka, ndiyo ubaya wake. Atajifanya hajaona, tutakaa jioni tunacheza karata, naye atakuwa ananionea huruma kila anapotupa karata. Hilo sitaliweza.

Baba yako mwongo


4 Januari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Kinyozi mwenyewe. Naiandikia ngazini hapa ukumbini, wao wanazunguka na michoro ya chini, wakiondoka naitia mfukoni mwake. Natumaini goti lako zima linaendelea vizuri.

Kadibodi ile ya kulia haikukosewa kupimwa. Niliipima mimi.

Tulipokuwa tunachagua picha, Msimamizi, yule bwana wa miwani, aliishika ya Kinyozi akasema ni nzuri kuliko zote, ila mzee wa kulia anaiharibu. Alisema ametoa meno na kuvaa tai kama anapigwa picha ya kitambulisho. Akaniuliza ni nani. Nikasema ni jirani. Lilinitoka jepesi, Baba, bila hata kumeza mate. Akasema mkate. Nikasema nitamfunika, nikaikata kadibodi mwenyewe kwa jinsi ulivyonifundisha wewe. Ndiyo maana nilikuandikia usije. Sikujali joto wala mabasi.

Na siku ya kioo hukusikia sentensi yote. Nilisema, "Ni fundi tu wa fremu." Kwa sauti ya kumpuuza mtu. Msimamizi alikuwa anaviangalia viatu vyako vyenye matone ya gundi, nami nikaviangalia kwa macho yake, nikaona haya juu yako. Sikukuokoa wewe, nilijiokoa mimi. Ulipoinama kuokota vioo, sikuinama. Nilisimama na wageni wangu nikangoja umalize. Halafu ukaniandikia kunishukuru, na tangu siku hiyo chakula hakipiti vizuri. Nilijipa moyo kwamba masikio yako hayakulipata neno lile, na kujipa moyo huko kukanitia aibu kuliko neno lenyewe.

Barua yako ya uongo nimeisoma nikalia. Wewe umesema uongo ili uwemo kwenye picha yangu, mimi niliusema ili usiwemo.

Juzi jioni niliishusha picha. Niling'oa misumari, nikatoa ile kadibodi, nikakata nyingine nyembamba sawa pande zote. Ukatokea. Baba, picha ilikuwa mbovu siku zote hizi na sikujua. Kinyozi alikuwa anacheka peke yake kwenye kochi, anamcheka nani? Sasa unaonekana. Anakucheka wewe na tai yako.

Msimamizi hakufurahi. Alisema ikiwa hivyo haitakwenda na nyingine maonyesho yatakapohamia mji mwingine. Nikasema ibaki.

Leo wamefika. Kinyozi alisimama mlangoni akaangalia kulia na kushoto, akaniuliza ile kubwa kama meza iko wapi. Nikamwambia tumeihamishia juu, na tumeweka ndogo kwa sababu kubwa ilikuwa inaziba njia. Amini usiamini, amekubali. Alipoiona alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaona tundu la soksi akanyamaza. Msimamizi akapita, akaniuliza tena mbele yao wote, huyu mzee hasa ni nani kwako. Nikasema, "Ni baba yangu."

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, mtoto mmoja akaacha kulia. Majirani zetu wakanitazama, hawakuelewa kwa nini jambo hilo linahitaji kutangazwa. Mwalimu Mkuu akamwambia Msimamizi kwamba mtaani kila mtu anajua hivyo. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Nilikutafuta kwenye gari lao. Maonyesho yanafungwa Jumapili ya wiki ijayo. Sina haki ya kukuita mahali nilipokwambia usije, lakini nakuita.

Mwanao,
Kitindamimba


7 Januari

Kwako mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima na unakula sasa. Mama yako amerudi, mtoto amekaa. Anakusalimu, na kuhusu mimi anasema akiondoka siku chache tu nageuka mtoto.

Nakueleza jinsi barua yako ilivyonifikia. Niliposikia gari la shule linaingia mtaani, nilijifungia karakanani nikakaa kati ya mbao. Nikasikia milango ya gari, nikasikia watu wanaagana, nikasikia viatu vya Kinyozi vinakuja moja kwa moja kwangu. Nikajua yameisha. Akagonga. Akasema kupitia tundu la ufunguo, "Fundi, fungua. Tumetoka vizuri."

Nikafungua. Nilisahau kuchechemea, na hakuuliza. Alikaa akanisimulia picha yangu mwenyewe, tai, meno, mkono wangu juu ya bega lake, nami naitikia kama niliyeiona. Ndipo akanipa barua.

Nimeisoma mara mbili, nikakaa nayo. Nami nina langu la kusema, kwa kuwa wewe umesema lako.

Nilikuandikia kwamba sikufika kuona kitu. Si kweli. Nilikuwa nimeshaondoa ubao wa nyuma na kuinua picha kabla mlinzi hajapiga kelele. Nikaliona bega langu, na tai, na nusu ya meno. Na ile kadibodi nikaitambua mkato wake, pembe imechongwa kwa mshazari kwenda ndani, hakuna mwingine anayechonga hivyo ila mimi na niliyemfundisha. Kioo kiliniponyoka hapo. Mlinzi hana kosa.

Na lile neno nililisikia lote, na "tu" yake. Sikio bovu ni la kushoto, mama. Wewe ulisimama kulia.

Nilikushukuru kwa sababu niliona haya kwa niaba yako, na sikutaka ujue kwamba najua. Nilidhani tukiliita wema, litapita. Halikupita. Hata sasa linanichoma, sikufichi, maana nimechoka kudanganya watu mwaka huu na mwaka ndiyo kwanza umeanza. Usiniandikie tena kuniomba radhi, nimezipokea. Liache litapoa lenyewe.

Lakini kazi yangu naijua. Wakati nimeishika ile picha gotini, kabla ya kelele, nilipitisha kidole pembeni kuona kama karatasi ina makali mapya ya mkasi. Haikuwa nayo. Yule bwana alikwambia unikate, ukanifunika. Nilirudi nalo hilo kwenye basi, ndilo lililonifikisha nyumbani.

Nakuja Jumamosi. Mama yako ameshaipiga tai pasi, na anasema naye anakuja kuona hiyo bluu tupu, haamini. Nitavaa viatu vilevile, nimejaribu kuvisugua lakini gundi haitoki. Usije kunipokea kituoni, njia naijua. Nipokee pale mlangoni kwa ukumbi, mlinzi akiwepo.

Baba yako